Namba ya Tatu Ndiyo Mto

8 Desemba, Jumapili ya pili ya Majilio

Mvua imetukuta katikati ya Sala ya Waumini. Bati likapiga kelele hata sauti yangu mwenyewe siisikii, nikafunga kitabu tukakaa kimya kama wanafunzi. Nilifurahi, Mungu anisamehe, maana mpunga ulikwisha anza kunyauka.

Msimu huu nina kazi mbili. Ya kwanza ni ya siku zote: mimi Emilian ni katekista wa kigango hiki cha ufukweni, si mbali na Lipingo, na padre hutufikia mara moja kwa mwezi barabara ikiruhusu. Ya pili ni ya maji. Mashamba yetu ya mpunga yako ng'ambo ya mto na daraja hatuna. Tunavuka kwenye mawe. Karibu kila masika mto huondoka na mtu. Sasa mradi wa maji wa bonde umetuwekea kompyuta ndani ya sakristia, kwa sababu kanisa ndilo lenye sola. Kila saa inatoa kikaratasi kama risiti ya dukani, chenye namba tatu. Ya kwanza, ndefu sana, ni saa ya mashine yenyewe, inajihesabia sekunde. Ya pili ni mvua iliyonyesha mlimani saa hiyo. Ya tatu ni kina cha mto kule korongoni. Ikifika mia na ishirini, napiga kengele ya maji, harakaharaka, mpaka mkono uchoke, wala mtu havuki. Maji yakitoka korongoni hutufikia baada ya kama saa moja.

Fundi wa mradi ni binti wa kutoka Rungwe, anaitwa Asnath. Aliniambia mara mbili, kama mtoto wa mafundisho: "Namba ya tatu ndiyo mto, Mwalimu." Nimeiandika kwa chaki ukutani, pamoja na ile mia na ishirini, chini ya ratiba ya wasomaji.

17 Desemba, Jumanne

Mvua 14, mto 133. Nimepiga kengele kwa mara ya kwanza. Watu walikusanyika kwenye ukingo wakanung'unika kwamba mto ni mdogo tu. Kabla hawajamaliza kunung'unika ukaja na gogo la mti mzima. Tangu hapo wananiita Bwana Maji. Ottilia mke wangu ananiambia nisivimbe kichwa, kengele si yangu.

21 Desemba

Zamani watu wa juu walikuwa wakiona maji yamegeuka rangi wanapiga mluzi, wa chini yao anaupokea, hivyohivyo mpaka kwetu. Leo nimesikia vijana wa juu wameacha. Wanasema, kwani Bwana Maji hana kengele? Na kweli, kila anayekwenda shamba sasa hupita kwanza mlangoni kwangu kuuliza karatasi inasemaje. Nimekuwa kama mlinzi wa geti.

3 Januari, Ijumaa

Radi imepiga mnara wa kengele. Hakuna aliyeumia. Kompyuta imeungua na imenuka sakristia yote, hata vazi la zambarau limeshika harufu.

14 Januari, Jumanne

Asnath amekuja na kompyuta nyingine, ndogo, ya zamani, iliyokuwa imekaa bila kazi ofisini kwao. Prosesa yake, yaani akili yake, si ya aina ile ya kwanza, lakini alisema programu ni ileile aliyoiandika mwenyewe, anaijenga tu upya ndani ya mashine hii. Alifanya kazi huku anatafuna karanga, maganda chini ya msalaba. Nilifagia mbele ya macho yake. Mashine iliandika mistari mingi kwenye kioo, mingine rangi ya zambarau. Nikamwuliza kama ni kosa. Akasema hayo ni maonyo tu, mashine hupenda kulalamika. Basi la Mbinga lilikuwa linampigia honi.

Karatasi ya kwanza ikatoka: saa sawa, mvua 0, mto 0. Nikashtuka, mto sifuri? Akaniambia hata kipimo cha korongoni radi ilikiharibu, wamefunga kingine mahali pengine, kwa hiyo sifuri yake ndiyo maji ya leo. Nisubiri ikifika themanini, ndipo nipige. Nikafuta mia na ishirini ukutani.

16 Januari

Mvua 0, mto 6. Huko juu wingu jeusi tangu asubuhi, na mvua sifuri?

20 Januari, Jumatatu

Siku ya sita mvua inaandika 0 tu, na milima haionekani kwa mvua. Mto unacheza: 11, 19, 4. Mto unapanda na kushuka upesi sana siku hizi.

Kipimo cha mvua kiko juu, njia ya kwenda Litembo, kwenye ua wa Xaveri. Xaveri ameoa Bonifasia, mdogo wake Ottilia, kwa hiyo sisi ni wanyumba. Mradi ulimkabidhi akisafishe, kisizibwe na majani. Nimempigia simu. Akasema kipimo ni safi kuliko kikombe changu cha chai.

29 Januari, Jumatano

Bado sifuri. Nimepanda bodaboda mpaka kwa Xaveri. Nilimkuta kwenye ngoro zake za mahindi, yale mashimo ya kulimia mteremkoni, matope mpaka magotini. Kipimo tulikifungua wote wawili, kikawa hakina hata jani. Nikamwambia labda amekisafisha aliposikia pikipiki. Alicheka kwanza. Halafu alipoona sicheki, akakifunga kipimo. Bonifasia alinifungia mkungu wa ndizi nimpelekee dada yake, akanisindikiza hadi njiani, akasema, "Shemeji, huyo mtu wangu ana mambo mengi, lakini uvivu hana."

Nilijibu kwamba karatasi haina shemeji. Niliona ni neno zuri. Njiani nililirudia rohoni.

2 Februari, Jumapili

Kubariki mishumaa. Mvua 0, mto 3.

11 Februari, Jumanne

Nimemwambia Asnath kwa simu habari ya mvua. Alikuwa Matiri kwenye pampu, sauti inakatikakatika. Aliuliza mto unasoma vizuri? Nikasema vizuri sana, mvua ikinyesha unapanda. Basi, akasema, itakuwa kipimo cha mvua kimeziba, au waya, atakuja mwezi ujao. Cha muhimu ni mto. Nikamwuliza Xaveri mara ya tatu, kwa simu, nikasema maneno ambayo mtu anayegawa Komunyo hapaswi kuyasema. Mengine yalihusu pombe.

20 Februari, Alhamisi

Mtendaji wa kata, Bwana Lusekelo, amemwondoa Xaveri kwenye kazi ya kipimo kwa maneno yangu. Amewekwa kijana mwingine, na mvua bado ni sifuri. Lusekelo amesema huyo naye ni mvivu. Nikaitika.

Xaveri na Bonifasia wameshuka kwetu. Wana jaruba la mpunga ng'ambo, urithi wa upande wa wake zetu, na masuke yameanza kutoka, ni wakati wa kuamia ndege. Kwa kuwa kazi ya kipimo haimfungi tena juu, Xaveri atakaa hapa hadi mavuno. Analala nyumba ya nyuma. Ananisalimia kama mtu anavyomsalimia karani.

26 Februari

Mto 22. Wanawake wamevuka wakarudi na kusema maji yaliwafika kiunoni. Nikawaambia korongoni maji bado ni kidogo. Bonifasia, anayependa utani, akasema kumbe kiuno chake kimeshuka.

5 Machi, Jumatano ya Majivu

Nimewapaka majivu watu wengi. Mvua kubwa milimani tangu jioni, huku kwetu nyota.

9 Machi, Jumapili ya kwanza ya Kwaresima

Jana tumemzika Bonifasia. Nitaandika nilivyoona, na Mungu anisaidie.

Alhamisi asubuhi palikuwa na jua. Ziwa limetulia, usipa, dagaa wa kwetu, umeanikwa kwenye vichanja vyote. Mlimani kulikuwa kumenyesha usiku kucha, ila alfajiri mvua ilikatika, mawingu yakainuka, na mstari wa milima ukaonekana wote. Saa tatu nilichana karatasi. Saa ya mashine, 0, 1. Mto ni moja. Nikaibandika mlangoni.

Bonifasia alipita na kikapu cha chakula cha Xaveri, aliyekuwa amevuka mapema, kukiwa bado giza, kuwahi ndege. Nyuma yake alikuwa Violet, binti wa jirani, na kombeo la kurushia ndege. Bonifasia alisimama akasema maji ameyaona jana yana rangi ya matofali, je, apite? Sikutoka hata nje kuangalia. Nilikuwa napanga vitabu vya Njia ya Msalaba. Nikamwambia hivi, maneno yangu haya haya: "Vuka, shemeji. Mto ni moja."

Alisema asante Mwalimu. Akaenda.

Kelele nilizisikia nikiwa bado na vitabu mikononi. Violet alikuwa hajaingia majini, alikuwa anavua viatu. Anasema mto haukuja kidogokidogo, ulikuja kama ukuta unaotembea, na shangazi, ndivyo anavyomwita Bonifasia, alikuwa katikati, juu ya lile jiwe pana. Aligeuka akaangalia upande wa kanisa. Violet anasema alikuwa anasikiliza.

Xaveri aliona yote toka ng'ambo. Alijitupa majini mara mbili na mto ukamtapika mara mbili upande uleule. Hakuweza kuvuka kuja kwetu mpaka kesho yake. Usiku ule alikaa kule peke yake, na sisi huku, tukauona moto wake. Ijumaa asubuhi wavuvi walimkuta Bonifasia kwenye matete, pale mto unapoingia ziwani.

Baada ya kelele zile nilirudi sakristia. Karatasi ya saa nne ilikuwa imetoka. 0, 0. Nilisimama na karatasi inayosema hakuna mto, na mto unanguruma hadi vikombe vya misa vinagongana. Ndipo nilipokwenda kupiga kengele. Sijui nilikuwa nampigia nani.

Majivu yake nilimpaka mimi, siku moja kabla.

10 Machi

Ottilia haongei na mimi. Anapika, ananitengea, anaondoka.

11 Machi

Nimeshindwa kusali Rozari. Natamka tu.

13 Machi, Alhamisi

Asnath amekuja. Hakutafuna karanga leo. Alikaa mbele ya mashine ndogo tangu asubuhi, nami nikakaa nyuma yake kwenye benchi la watumishi, sikuwa na pengine pa kwenda. Aliniomba karatasi zote nilizohifadhi. Alizitandaza sakafuni, zile za kompyuta iliyoungua upande mmoja na za hii upande wa pili. Kisha akampigia yule kijana wa mlimani, akamwambia amimine kikombe cha maji ndani ya kipimo cha mvua. Tukasubiri. Karatasi ikatoka: mvua 0, mto 37.

Mlimani kimemwagwa kikombe, na mto umepanda. Asnath aliweka mikono juu ya kichwa.

Nilimwomba anieleze kwa lugha yangu, maana alianza na biti sitini na nne na thelathini na mbili na nikabaki nje. Alitazama huku na huku akaona mabenchi. Akasema: chukulia namba tatu ni wageni watatu wanaokaa mstari mmoja. Mgeni wa kwanza, ile saa ndefu, ni mnene. Siku zote ana upana uleule, hivyo ndivyo Asnath mwenyewe alivyomwumba. Katika kompyuta iliyoungua kiti kimoja ni kipana, mgeni huyo anaenea. Katika hii viti ni vyembamba, kwa hiyo anakalia viwili. Sasa yuko mtu mlangoni anayeita wageni ili waandikwe kwenye karatasi, na huyo haoni wageni, anaita kwa kiti. Kiti cha kwanza: akaandika saa, na ikatoka sawa, ndiyo maana hakuna aliyeshtuka. Kiti cha pili: hapo pamekaa nusu ya pili ya yule mnene, na nusu hiyo ni tupu, akaandika sifuri. Kiti cha tatu: hapo ndipo alipokuwa amekaa mvua.

"Na mto?" nikauliza.

"Mto alikuwa kiti cha nne, baba. Hakuna aliyemwita."

Kwa hiyo tangu katikati ya Januari namba ya tatu haikuwa mto. Ilikuwa mvua. Mvua ikinyesha namba inapanda, nami nasema mto unapanda. Mvua ikikatika namba inashuka, wakati maji ndiyo kwanza yanakusanyika korongoni. Na kipimo cha Xaveri kilikuwa kizima siku zote, kilikuwa kinaandika kila tone, ila kwenye nafasi ya mwingine. Siku ile ya tarehe kumi na nne Januari mto haukuwa sifuri. Hakukuwa na mvua, basi.

Alinionyesha mahali penyewe kwenye programu. Ni herufi mbili. Katika lugha hiyo ya C alimwambia mwitaji kwamba saa ina upana wa neno fulani, na neno hilo lina upana mmoja kwenye prosesa ile na upana mwingine kwenye hii. Alisema haikutakiwa aandike upana kwa kukisia. Lugha yenyewe imekuja na majina yaliyotengenezwa kwa ajili ya hili, unaweka jina na kila mashine inajijazia alama ya upana ulio sahihi kwake. Alilifuta la zamani akaandika PRId64. Nimelinakili kama lilivyo. Kisha akaijenga programu upya, na safari hii mashine haikulalamika hata mstari mmoja.

Yalikuwa yanasema hilo hilo, yale maandishi ya zambarau. Mashine ilimwambia mstari gani na kosa gani. Hakusoma, akapanda basi.

Nilitaka kumchukia na nilikuwa nimejiandaa. Lakini yeye aliambiwa na mashine, na mimi niliambiwa na mtu, mara tatu, na mke wake akaniambia mara ya nne.

16 Machi, Jumapili ya pili ya Kwaresima

Mkutano wa kijiji baada ya ibada. Lusekelo si mtu mbaya, amechoka tu, alitaka tumalize kwa amani. Alisema mto ni mto, na kwamba kipimo cha mvua kilitunzwa ovyo kwa muda mrefu, mashine ikachanganyikiwa. Tumsamehe aliyehusika, tuombe. Watu wakaanza kugeuza shingo kumtafuta Xaveri.

Asnath alisimama bila kupewa nafasi. Najua mkuu wake alimwambia kwenye simu asiseme lolote mpaka barua ya ofisi itoke, maana aliongea mbele yangu. Alisema kipimo kilikuwa kizima. Alisema kosa liko katika maandishi yake yeye, mashine ilimwonya naye hakusoma. Hakueleza habari ya viti. Mama mmoja nyuma akamwambia arudi kwao Rungwe akacheze na kompyuta huko. Mwingine akauliza, kwa hiyo dada yetu amekufa kwa herufi mbili? Akasema ndiyo.

Nikasimama na mimi. Nilisema kwamba marehemu aliniuliza, nami nilimwambia avuke bila kutoka mlangoni. Nilisema pia niliyoyasema juu ya Xaveri, na ya pombe. Hakuna aliyenizomea. Ottilia alikuwa anatazama mikono yake.

Mkutano ulipovunjika nilimfuata Xaveri kwenye uzio nikapiga magoti, mzee mzima, kwenye tope. Hakuninyanyua. Alisema polepole, kama mtu anayemweleza mtoto: "Yule binti simlaumu sana. Mashine yake hainijui. Wewe unanijua."

17 Machi

Asnath ameondoka. Sijui kama atabaki kazini. Ottilia alimfungia muhogo na samaki wa njiani, sikumwomba afanye hivyo.

19 Machi, Mtakatifu Yosefu

Mvua 8, mto 91. Nimekwenda mwenyewe mpaka ukingoni kuangalia, kisha nikarudi kusoma karatasi, kisha ukingoni tena. Mia na ishirini nimeirudisha ukutani, kama Asnath alivyoagiza. Hakuna anayepita mlangoni kwangu kuuliza. Wanapita njia ya nyuma ya shule.

25 Machi

Nimemwandikia padre kumwomba aniondolee kengele. Amejibu kwa simu kwamba nani mwingine anaamka saa hizo. Hilo si jibu, lakini ni kweli.

28 Machi

Ottilia ameniuliza chumvi iko wapi. Nimeshukuru.

2 Aprili, Jumatano

Mpunga umeiva, watu wote wanavuka kuvuna. Alfajiri mvua mlimani ilikuwa 31. Saa mbili ikawa 2, na mto 188. Sijawahi kuona namba hiyo. Nje kulikuwa na jua kama lile la siku ile, na maji ya kivukoni yalikuwa magotini tu.

Nilipiga. Nilipiga hadi kamba ikanichuna. Toka mlango wa mnara naona kivuko chote. Walikuwepo kama ishirini, na miundu, na mikeka kichwani. Wakageuka kunitazama. Hakuna aliyetua mzigo. Halafu mmoja akacheka, naona bega lake, na wale wa mbele wakaingia majini. Xaveri alikuwa wa kwanza, alikuwa amekwisha fika kwenye lile jiwe pana.

Nikaacha kamba nikatelemka nakimbia, mimi na tumbo langu hili, napiga kelele kwamba ni mia na themanini na nane. Nilijisikia nikisema namba kama vile namba ni kitu ambacho mtu anaweza kukiamini. Nilifika ukingoni pumzi imekwisha, nikaingia majini na viatu.

Xaveri alikuwa amesimama. Hakunitazama mimi. Alikuwa ameinama anatazama maji yanavyopita kati ya miguu yake, kwa muda ambao kwangu ulikuwa litania nzima. Kisha akageuka, akawaonyesha wenzake kwa mkono warudi, akarudi. Alinipita hatua moja kutoka kwangu. Wale wengine wakamfuata yeye.

Mto ulikuja kabla ya saa tatu na nusu. Jiwe halikuonekana mpaka jioni. Tulihesabiana kwa majina, wote tukawemo.

Alikaa kwenye nyasi akinipa mgongo, mundu mapajani. Sijui alirudi kwa sababu ya kengele au kwa sababu ya maji. Nimekaa nyuma yake mpaka jua likazama, sikumwuliza.